Maswali ya Wasomaji: Rimu Ipi Itavumilia Mawe?

Barua nyingi za toleo hili zinahusu magurudumu ya baiskeli za kushuka mlima. Tumechukua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wasomaji wengine. Upepo tumeutaja kwa psi kwa kuwa ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye pampu nyingi.

Ndugu mafundi, habari za kazi. Nina kilo 84 na naendesha baiskeli ya inchi 29 kwenye miteremko ya Ngong. Rimu ya nyuma iliyokuja na baiskeli imeharibika mara mbili ndani ya msimu mmoja. Duka moja linanishawishi ninunue za kaboni, wenzangu wanasema nibaki na alumini. Nifuate ushauri upi?
*Msomaji, Ngong, Kenya*

Baki na alumini. Lakini kabla hujatoa hela, itazame rimu iliyoharibika uone imeumia wapi, maana "rimu imepinda" ni magonjwa mawili tofauti. Ikiwa ukingo umebonyea mahali pamoja huku gurudumu zima bado linazunguka sawa, kosa ni la tairi au upepo: jiwe limemaliza hewa iliyokuwepo na kulibana tairi dhidi ya ukingo. Ikiwa kingo ni nzima lakini gurudumu linayumba kushoto na kulia, kosa ni la spoki zilizolegea. Ukibadilisha rimu bila kujua ugonjwa, ya tatu nayo itakwenda njia ileile.

Kwa uzito wako na kwa mawe ya huko, tunabahatisha kwamba ni ugonjwa wa kwanza. Baiskeli nyingi zinazouzwa kwa matumizi ya kawaida ya milimani huja na tairi la nyuma lenye kitambaa cha tabaka moja, jepesi. Hilo limetengenezwa lipande mlima vizuri, na kupigwa na jiwe kwa mwendo wa kasi si kazi yake. Weka nyuma tairi la tabaka mbili. Kwa Maxxis, kwa mfano, tafuta maandishi DH au DoubleDown ubavuni. Tairi la DH la inchi 29 lina uzito wa zaidi ya kilo 1.2 na utalisikia ukipanda, lakini hakuna rimu itakayokukinga kuliko hilo. Anza na psi 28 nyuma na 24 mbele, kisha punguza au ongeza psi moja moja.

Sasa rimu yenyewe. Upana wa ndani, yaani kutoka ukingo hadi ukingo kwa ndani, uwe milimita 28 hadi 31 kwa tairi la inchi 2.4 hadi 2.5. Rimu ikiwa nyembamba sana tairi hulala kwenye kona. Ikiwa pana kupita kiasi, tairi hukaa bapa na ukingo hubaki wazi kwa mawe. Uzito usikuogopeshe: rimu ya alumini ya inchi 29 inayostahimili kazi hii huwa na gramu 550 hadi 650 hivi. Ukiona ya gramu 430 imepewa jina la kutisha la milimani, muulize muuzaji ni ya mlima gani.

Mfano mzuri wa kulinganishia ni DT Swiss EX 511, yenye upana wa ndani wa milimita 30. Si lazima ununue hiyo. Ila ukishikiwa rimu nyingine yoyote dukani, ilinganishe nayo kwa mambo matatu: upana, uzito, na unene wa ukingo pale juu unapogusana na jiwe. Ukingo wenye ncha nyembamba hukata tairi kama kisu. Ulio mnene na wa mviringo hulibana bila kulikata.

Kuhusu kaboni, hatusemi ni mbovu. Timu ya Santa Cruz Syndicate imeshindana Kombe la Dunia la kushuka mlima kwa rimu za kaboni, na rimu hizo hubaki zimenyooka mahali ambapo alumini ingeshabonyea. Tofauti iko kwenye namna ya kufa. Alumini hubonyea, unainyoosha, unarudi nyumbani. Kaboni huvumilia, huvumilia, kisha hupasuka, na ikipasuka hakuna fundi wa kuirudisha. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya kubadilisha bure, lakini wewe wa Ngong uulize kwanza: nani atalipia usafirishaji na ushuru, na wiki hizo zote utaendesha nini? Timu ya mbio ina fundi na magurudumu ya akiba ndani ya gari. Wewe una rimu moja.

Hela utakayookoa kwa kuacha kaboni ipeleke kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na spoki. Rimu ni kitu cha kuchakaa, sawa na pedi za breki; habu nzuri itakula rimu tatu au nne na kuendelea. Chagua habu yenye matundu 32, inayotumia spoki za kawaida zenye shingo iliyopinda. Zile zilizonyooka tangu kichwani ni nzuri kwa macho, ila ukikatikiwa na moja mbali na mji, kupata ya urefu wako ni shida. Beringi ziwe za kufungwa, zenye namba ya kawaida iliyochongwa ubavuni, kwa mfano 6902, ambayo ni milimita 15 kwa 28 kwa 7. Namba ya namna hiyo unaipata kwenye maduka ya beringi za mitambo, huhitaji duka la baiskeli.

Ndugu zangu, mimi ni fundi baiskeli hapa Moshi. Kuna wateja wananiletea gurudumu la nyuma la baiskeli ya mlima, spoki zinakatika shingoni. Nabadilisha moja, baada ya siku chache inakatika jirani yake. Nimejaribu spoki nene zaidi, hali ni ileile. Tatizo nini?
*Fundi, Moshi*

Spoki hukatika kwa kuchoka, na kinachoichosha ni kulegea. Gurudumu linapozunguka na mzigo, kila spoki inayofika chini hupungukiwa mkazo kidogo, ikipanda hurudishiwa. Ikiwa imekazwa vya kutosha, mabadiliko hayo ni madogo. Ikiwa imelegea, mkazo hufika sifuri kila mzunguko, spoki inacheza kwenye tundu la habu, na shingo inapinda na kunyooka maelfu ya mara. Spoki nene haisaidii, tena huzidisha. Ile nene mwanzo hadi mwisho haivutiki, kwa hiyo mateso yote yanakwenda shingoni. Tumia zile za milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati: sehemu nyembamba ya katikati huvutika na kuipumzisha shingo.

Ikikatika moja, badilisha hiyo. Ikikatika ya pili upande uleule, badilisha za upande mzima, kwa kuwa zilizobaki zimeshachoka kiasi hichohicho.

Mkazo ni kiasi gani? Soma kwanza kikomo cha rimu. Rimu nyingi za alumini za kazi hii zinaruhusu hadi niutoni 1,200, yaani takriban kilo 120. Nyuma, upande wa kaseti, yaani wa gia, ndio unaobeba mkazo mkubwa kwa sababu sikio la habu (ukingo wenye matundu ya spoki) upande huo liko karibu na katikati. Ulete kilo 110 hadi 120, na upande wa diski utajikuta chini yake. Usijaribu kuulazimisha ulingane, utaivuta rimu itoke katikati. Mbele ni kinyume: upande wa diski ndio wenye mkazo zaidi.

Kama una kipima mkazo, kila spoki ya upande mmoja isipishane na wastani wa upande huo kwa zaidi ya asilimia 20, na fundi mzuri hulenga 10. Kama huna, tumia sikio. Piga spoki katikati kwa kucha, upande mmoja kwa wakati, usikilize. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Gurudumu linaweza kuzunguka limenyooka kabisa huku nusu ya spoki zake zikiwa zimelegea na nusu zimekazwa kupita kiasi; hilo ndilo linalorudi kwako kila wiki.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Weka tone la mafuta kwenye nyuzi za kila spoki na pale nati inapokaa kwenye rimu, la sivyo nati itaisokota spoki na wewe utadhani umekaza. Kaza robo mzunguko kwa wakati, ukienda mzunguko mzima wa gurudumu kabla ya kurudia. Ukimaliza kila duru, shika spoki mbili mbili zilizo sambamba upande mmoja uzikamue kwa nguvu za mkono. Utasikia vishindo vidogo: ni spoki zikijisokotoa na vichwa vikikaa vizuri kwenye habu. Kisha nyoosha tena. Kuyumba kusizidi nusu milimita. Mwambie mteja alirudishe gurudumu baada ya safari mbili au tatu za kwanza, maana gurudumu jipya hulegea kidogo, na hapo ndipo wengi huliharibu kwa kuliacha.

Jambo jingine kwa mafundi wa pwani: kataa nati za alumini. Chumvi ya hewa na dawa ya pancha iliyovuja ndani ya rimu huzila mpaka zinapasuka zikigeuzwa. Za shaba ya njano zinaongeza gramu chache tu.

Wahariri, asalaam alaykum. Hapa Muscat tunaendesha kwenye njia za milima ya Hajar. Mawe ni makali na joto mnalijua. Natumia tyubulesi (tairi lisilo na tyubu), upana wa rimu milimita 30, uzito wangu kilo 70. Rimu hazipindi sana, lakini tairi linapoteza upepo na dawa ya kuziba pancha inakauka haraka mno. Je, niweke ile sponji ya ndani ya tairi?
*Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam. Anza na dawa. Chupa nyingi zinaahidi miezi kadhaa, lakini ahadi hiyo ni ya nchi za baridi. Kwa joto la kwenu itazame kila baada ya wiki nne. Tairi la inchi 29 la upana wa 2.5 lianze na mililita 100 hadi 120. Kila ukaguzi ongeza 40 au 50. Fungua valvu, ingiza kijiti cha plastiki kikavu: kikitoka kikavu, dawa imekwisha. Ukishaongeza mara tatu nne, livue tairi ubandue utando mkavu ulioganda ndani, kwani unazidisha uzito bila kuziba chochote.

Upotevu wa upepo mara nyingi ni tepu, ile inayoziba matundu ya spoki ndani ya rimu. Kwa rimu ya milimita 30, tepu iwe ya 32 hadi 34, ipande kidogo kwenye kuta pande zote mbili. Ikiwa nyembamba, tairi linapojiseti huiburuta, na hewa inapenya kwenye matundu ya spoki. Dalili yake ni povu la dawa kwenye nati za spoki. Safisha rimu kwa spiriti, ikauke, bandika tepu ukiivuta kwa nguvu, ianzie na kuishia mbali na tundu la valvu.

Sasa jambo ambalo wengi wa Ghuba hulisahau. Ukijaza psi 25 chumbani penye kiyoyozi kwenye nyuzi joto 25, kisha tairi likafika nyuzi 45 njiani, utakuwa na karibu psi 28. Hiyo ni tofauti kubwa: tairi linaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata. Na anayepunguza upepo adhuhuri kwa sababu hiyo, kesho yake alfajiri anakuta uko chini, na hapo ndipo ukingo unapogongwa. Pima palepale unapoanzia safari. Kwa kilo 70 na tairi la tabaka mbili, 22 hadi 24 mbele na 25 hadi 27 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sponji ya ndani inafaa, lakini gurudumu la nyuma peke yake linatosha. Ile nzito, mfano CushCore Pro, ina gramu 250 hivi kwa gurudumu. Hulinda ukingo, na husaidia tairi lisichomoke upepo ukiisha. Mashabiki wa mbio wanakumbuka Leogang, Austria, mwaka 2014: mshindani Mmarekani Aaron Gwin alipata pancha akaendelea kushuka hadi mwisho huku tairi la nyuma limetoka kwenye rimu. Kasoro ya sponji ni kwamba ukipasukiwa vibaya bondeni na ukahitaji kuweka tyubu, lazima kwanza uitoe, na kuitoa kwa mikono iliyojaa dawa kwenye jua la saa sita ni adhabu. Jizoeze nyumbani kwanza. Na uhakikishe valvu zako zina matundu ya pembeni, kwa sababu za kawaida huzibwa na sponji.

Nimenunua baiskeli ya mtumba ya kushuka mlima, ya zamani kidogo. Magurudumu ni inchi 26, ekseli ya mbele ni nene, milimita 20. Habu ya nyuma nimepima 150. Rimu ya nyuma imekwisha. Niweke magurudumu ya 27.5 au nitafute rimu ya 26? Na je, habu bado inafaa?
*Msomaji, Arusha*

Habu ya zamani ya namna hiyo ni mali, usiitupe. Kuweka 27.5 kwenye fremu ya 26 haifai: rimu inakua kutoka kipenyo cha milimita 559 hadi 584, na tairi nene litagusa fremu au taji la foku (uma wa mbele) springi zikiminywa hadi mwisho. Tafuta rimu ya 559 yenye matundu 32. Haziko nyingi sana siku hizi, kwa hiyo ukipata mbili, nunua mbili.

Ukipata siku moja fremu ya kisasa zaidi, yenye nafasi ya habu ya milimita 157, ujue kwamba habu ya 150 na ya kawaida ya 157 mwili wake ni mmoja. Tofauti ni vifuniko vya ncha, milimita 3.5 kila upande. Baadhi ya habu hubadilishwa vifuniko tu. Usichanganye na Super Boost, ambayo nayo ni 157 lakini masikio ya habu yametanuliwa. Mbele pia angalia: foku mpya za ekseli ya 20 kwa 110 nyingi ni za aina iitwayo Boost, ambayo diski imesogezwa nje milimita 5. Habu yako ya zamani itaingia, ila diski haitakutana na breki bila kipande cha kuisogeza.

Kwenye karatasi ya rimu kuna kipimo kilichoandikwa ERD, kipenyo kinachotumika kukokotoa urefu wa spoki. Ikiwa ERD ya rimu mpya haipishani na ya zamani kwa zaidi ya milimita 2, na spoki zako ni nzima, unaweza kuhamisha zote bila kufumua gurudumu. Legeza nati zote nusu mzunguko kwa zamu mpaka zote ziwe huru. Ifunge rimu mpya ubavuni mwa ya zamani kwa tepu sehemu tatu, matundu ya valvu yakiwa sambamba. Hakikisha tundu la kwanza baada ya valvu linaelemea upande uleule kwa zote mbili. Likiwa kinyume, geuza rimu. Hamisha spoki moja moja kwa kutumia nati mpya. Zikiisha, kaza kila moja mpaka nyuzi za spoki zipotee kiasi sawa ndani ya nati, kisha endelea kama tulivyomweleza fundi wa Moshi.

Rimu ya Phoenix ya nyuma ina spoki 40 na inabeba magunia mawili ya mkaa kila siku. Mbona nyie mnasifu spoki 32?
*Msomaji, Kigoma*

Swali zuri, na heshima kwa Phoenix. Gunia hukaa tuli juu ya gurudumu na mzigo hugawanyika kwenye spoki nyingi; jiwe hupiga mahali pamoja, ghafla. Dhidi ya jiwe, kinachosaidia ni rimu yenye mwili wa boksi na tairi nene, wala si wingi wa spoki. Rimu ya Phoenix ni ya chuma chenye ukuta mmoja, tena kipenyo chake ni milimita 635. Tairi la inchi 29 linataka 622, halitaingia.

Niko Ufaransa kwa masomo na majira ya joto nitakwenda Morzine, kwenye milima ya Alps. Baiskeli niliyopata ina 29 mbele na 27.5 nyuma. Ni sawa au mtu aliunganisha vipande?
*Msomaji, Lyon*

Ni sawa, mradi fremu ilitengenezwa hivyo. Baiskeli za 29 ziliingia kwa nguvu kwenye Kombe la Dunia la kushuka mlima mwaka 2017, na mwaka 2019 UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, iliondoa kizuizi cha kuchanganya vipimo. Gurudumu kubwa mbele hupita juu ya mawe, dogo nyuma huacha nafasi unaporudi nyuma ya kiti. Rimu ya nyuma ndiyo hula kipigo kikubwa, kwa hiyo wengine huweka nyuma rimu nzito zaidi ya mbele, na si vibaya. Lifti za Morzine zitakupa mishuko mingi kwa siku moja, basi kagua spoki kila jioni.

Ukingo wa rimu ya alumini umebonyea na tyubulesi inavuja hapo. Kuna namna?
*Msomaji, Nairobi*

Ipo. Vua tairi. Chukua spana malaya, funika midomo yake kwa kipande cha tyubu kuukuu, ibane mdomo kwenye ukingo uliobonyea bila kuacha nafasi. Anza pembeni mwa bonyeo ukielekea katikati, ukirudisha kidogo kidogo. Usitafute uzuri: acha ikibaki hata milimita moja, kwa sababu kila unapoikunja alumini inazidi kuwa ngumu na kukaribia kupasuka. Lainisha ncha kali kwa msasa, rudisha tairi, jaza upepo, paka maji ya sabuni utazame mapovu. Mahali pamoja panyooshwe mara moja, mara mbili kwa bahati. Ukiona ufa, hata mwembamba wa kuonekana kwa tochi tu, kwenye ukingo au kuzunguka tundu la spoki, chomoa spoki na habu, rimu mpe muuza vyuma chakavu.